Moshi Usiofika Lamu

Siku hizi basi la kutoka Mombasa hufika Mokowe likiwa na kioo safi. Wanaoijua njia hii tangu zamani watanielewa. Baada ya Garsen ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na abiria walioanza safari bila kujuana waliimaliza wakiitana ndugu, kwa kuwa walikwishasukuma basi pamoja. Sasa ni lami tupu, kilomita 135 kutoka Garsen kupitia Witu hadi ukingoni mwa maji. Uliza ndani ya basi ni nini kilichoikumbusha serikali kwamba Lamu ipo, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya uhuru, na viti vyote vitakujibu kwa pamoja: bandari.

Mimi ni mtu wa Changamwe, na bandari si kitu cha kunitoa nyumbani alfajiri. Kwetu ipo, inanguruma mchana na usiku. Tumekulia kando ya mtambo wa kusafisha mafuta ulioanza kazi mwaka 1963 ukanyamaza mwaka 2013, na tumezoea kupishana na malori hata tukienda msikitini. Karibu na kwetu kuna mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Nilikwenda Lamu, basi, na udadisi wa mtu ambaye kwao mambo yalikwisha kutokea. Nilitaka kuona mahali ambapo viwanda bado viko njiani na watu wana nafasi ya kukubali au kukataa.

Kumbe vilishafika. Nilivikuta gatini Mokowe, vimefungwa kwa kamba.

Boti ya kuvukia Amu ilikuwa imepakia saruji, magodoro ya sponji, kreti za soda, katoni za maji ya chupa, na viti vya plastiki vilivyopandanishwa hadi vikamzidi urefu kijana aliyevishika visianguke. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekalia katoni mbili za nepi, buibui amelikunja lisiguse maji ya chini. Alikuwa na duka Langoni. "Hizi hazikai wiki, mwanangu," aliniambia akizipigapiga kwa kiganja. "Zamani tukifua. Sasa nani afue na mai yenyewe ya kununua?" Tulipopishana na boti iliyokuwa ikirudi bara niliitazama imebeba nini. Ilibeba watu na kreti tupu. Kreti hurudi kwa kuwa zina amana yake ya pesa. Kingine chochote kinachoingia kisiwani hubaki huko.

Nilifikia Mkomani, katika nyumba ya bi mkubwa mmoja ambaye familia yake imekaa humo vizazi visivyohesabika. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kama vilivyo karibu vyote vya mji huu wa kale ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Wembamba huo una sababu yake: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti inayobeba dari, na boriti haiwezi kupita urefu wa mkoko ulioukata. Watu walijenga kwa kipimo walichopewa na mti.

Kabla hata sijaweka mkoba chini alinionyesha chooni. Pembeni mwa ukuta palikuwa na birika lililojengwa kwa chokaa, limejaa maji hadi karibu na ukingo, na juu yake kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Nilipoinama niliona vitu vinatembea. Samaki wawili wadogo, wekundu kidogo mgongoni, walikuwa wakizunguka polepole kwenye kona yenye kivuli. "Hao wala viluwiluwi vya mbu," alisema bi mkubwa. "Chota taratibu. Na sabuni, usiwatilie humo." Nilioga siku zote za kukaa kwake kwa adabu ambayo sijawahi kuoga nayo kwetu, nikichota upande mmoja ili wao wapate upande wa pili.

Maji ya birika hilo hutoka kisima cha uani. Mama yake bi mkubwa alikuwa akiyanywa. Yeye huyaogea na kufulia tu, kwa kuwa yamekuwa ya chumvi na pengine ya zaidi ya chumvi: mji umejaa, kila nyumba ina shimo lake la choo, na matumbawe yaliyo chini hayazuii kitu kupita. Ya kunywa huja kwa bomba kutoka vilima vya mchanga vya Shela, kwa saa zake, au hununuliwa kwa mitungi ya lita ishirini inayoletwa na punda. Siku ya kwanza punda alichelewa. Bi mkubwa alikaa kizingitini akihesabu mitungi mitupu, na hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya yule mama wa nepi.

Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi, mchuzi wa tewa, na achari ya embe iliyonitoa machozi. Nililaumiwa kwa kula kidogo. Niliuliza tewa katoka wapi, akanijibu Kizingitini, na kwamba siku hizi ukimtaka mkubwa namna ile sharti umwagize mapema, kwa kuwa wanunuzi wa Mombasa huwa washamlipia angali baharini. Yaani mimi nimesafiri siku nzima kuja kula samaki ambaye ndugu zake wamepishana nami njiani, ndani ya barafu.

Baada ya isha niliketi kwenye baraza moja karibu na ngome, panapouzwa kahawa chungu. Hapo ndipo mtu husomeshwa Lamu. Nilipotaja kwamba natoka Changamwe, mazungumzo yalielekea yenyewe kwenye makaa ya mawe.

Kisa chenyewe kimekwisha kuandikwa sana, lakini ni kitu kingine kukisikia kwa watu waliokiishi. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi, upande wa bara, mtambo wa umeme wa megawati 1,050 unaochoma makaa ya mawe. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni Septemba 2016. Wakazi, wakiwa pamoja na muungano wa Save Lamu, walikwenda kwenye Baraza la Rufaa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa: wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, na mambo mazito kuhusu tabianchi hayakutazamwa. Wafadhili wakaanza kujitoa, wakiwamo Benki ya Maendeleo ya Afrika, kisha benki kubwa ya China. Bomba la moshi lililochorwa kwenye karatasi, refu kuliko mnara wowote wa msikiti wa pwani hii, halikusimama.

Kilichonivutia ni namna wazee wale walivyoongea. Mvuvi mstaafu mwenye kofia ya vito alinieleza kuhusu maji ya moto ambayo mtambo ungeyarudisha baharini baada ya kupoza mashine, na digrii ngapi zinatosha kuwahamisha samaki wachanga kwenye mikoko. Mwingine alizungumza juu ya jivu, litawekwa wapi na upepo wa kusi utalipeleka wapi. Walikuwa wakitaja "tathmini ya athari" na "ushirikishwaji wa umma" kwa wepesi uleule wa kutaja bamvua na maji mafu. Miaka ya mikutano na kesi imewapa elimu ambayo sisi Changamwe hatukuipata hadi watoto walipougua.

Hata hivyo palikuwapo mwalimu mmoja, amestaafu, aliyekuwa akitikisa kichwa muda wote. "Mimi niliutaka," alisema hatimaye. "Nina vijana watatu wamesoma, wote wameketi. Nyinyi mwashangilia kitu kisichokuja. Basi nionyesheni kilichokuja." Hakuna aliyemkasirikia. Walimjaza kahawa. Wamemsikia mara nyingi, ilionekana, na hawajapata jibu la kumtosheleza. Nami sina. Ninaloweza kusema ni kwamba umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, na sikuona sababu ya nchi ya namna hiyo kwenda kununua makaa ya mawe nje. Lakini hilo ni jibu kuhusu umeme. Yeye alikuwa akiuliza kuhusu vijana wake.

Shela nilikwenda kwa miguu, maji yakiwa yametoka. Hapo mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa watu wa Amu waliwashinda Wapate na Wamvita katika vita ambavyo bado husimuliwa kana kwamba ni vya juzi. Sasa ni mahali pa nyumba za wageni zenye maua ya karatasi ukutani. Nyuma ya nyumba hizo vinaanza vilima vya mchanga, na chini ya vilima hivyo ndipo lilipo tangi la maji la mji mzima. Mvua ikinyesha hupenya mchangani na kutuama, ikielea juu ya maji ya bahari kwa sababu maji yake ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukichota kwa kiasi, hukaa. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, au ukajenga juu yake na kuchimba mashimo ya vyoo, chumvi hupanda kutoka chini na uchafu hushuka kutoka juu. Wenyeji wanalijua hili kwa undani. Wanajua pia ni nani amejenga wapi. Majina hayo nilitajiwa kwa sauti ya chini na sitayarudia.

Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita kama kumi na mbili, na kadiri unavyoyaacha mahoteli ndivyo unavyokutana na bahari isiyofagiwa. Mstari wa maji kujaa ulikuwa umechorwa kwa nyasi za bahari zilizokauka, na ndani ya nyasi palikuwa na kila kitu: kandambili, vifuniko, vipande vya jarife la nailoni, miswaki, chupa zenye maandishi ya mataifa ambayo hayajawahi kutia nanga hapa. Mikondo ya Bahari Hindi haina forodha. Nyingine zilikuwa zetu, na nembo zake nazifahamu tangu utotoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na ni kweli mifuko ile myembamba sikuiona. Chupa, pakiti za sabuni za shilingi kumi na nepi hazikuguswa na sheria ile.

Mji huu umejaribu kujibu. Ni hapa ambapo fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga Flipflopi, chombo cha mita tisa kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili za rangi zote. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja kikisimama bandari kwa bandari kuzungumza na watu. Mradi huo sasa hukusanya na kuyeyusha taka hapo Lamu. Nauheshimu sana. Lakini nikiwa nimesimama kwenye mchanga ule niliikumbuka boti ya Mokowe na safari zake za kila siku, ikija imejaa na kurudi tupu. Fundi hodari kiasi gani ataishinda hesabu hiyo? Taka za mji hupelekwa jaani na kuchomwa, na moshi wake, ambao hauna leseni wala namba ya kesi, nilikuja kuuvuta kila jioni nikiwa Mkomani. Makaa ya mawe yalikuwa na kampuni, yakawa na wakili wake na hakimu wake. Moshi wa nepi utamshitaki nani? Mama mwenye duka Langoni?

Punda ndio wanaolipa kwanza. Wanazurura usiku vichochoroni wakitafuta maganda, wanakula na kilichoyafunga. Mjini kuna kituo cha kuwatibu bure kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza, na asubuhi moja nilimkuta kijana amemleta wake, tumbo limevimba, ameinamisha kichwa hadi karibu na sakafu. Kijana alikuwa akimsugua shingo na kumwita kwa jina. Niliuliza ni nini. "Ni plastiki tena," alisema, kwa namna unavyosema ni malaria tena.

Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, bado mtu husikia tezo na nyundo kabla hajaona nyumba. Jahazi lilikuwa limekaa juu ya magogo chini ya paa la makuti, mkuku umenyooka, mataruma nusu yamefungwa. Vijana wawili walikuwa wakitia kalafati, wakisokota pamba kwenye mafuta na kuisukumiza katikati ya mbao kwa patasi butu, pigo dogo dogo, bila haraka. Fundi wao alinitajia sehemu za chombo kutoka omo hadi tezi bila kusita. Nusu ya majina hayo nilikuwa nimekutana nayo tu katika *Sambo ya Kiwandeo* ya Ahmed Sheikh Nabhany, nikidhani yamekufa.

Tulizungumza mbao. Nilidhani atalalamikia ukataji wa misitu. Yeye alilalamikia kutokukata. Mbao za mbambakofi alizokuwa akizipata bara hazipatikani, kwa kuwa misitu ya upande wa Boni imekuwa uwanja wa vita kati ya jeshi na al-Shabaab kwa miaka, na mwenye akili haingii huko na shoka. Mikoko nayo ina vibali na marufuku, ya mwisho kubwa ikiwa ile ya nchi nzima ya mwaka 2018. Na hapa ndipo penye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya! Babu yake alikuwa akipakia boriti kwenye majahazi ya Waarabu yaliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Nyumba za Kuwait na Basra ziliezekwa kwa mikoko ya Lamu, korija kwa korija, hadi mafuta yalipowaletea wenzetu saruji na chuma, na Kenya ikafunga biashara ya nje ya boriti mwaka 1982. Nawatahadharisha wanaopenda kusema kwamba watu wa visiwa hivi waliishi na maumbile bila kuyagusa. Waliyagusa sana. Waliyauza. Tofauti ni kwamba aliyekuwa akikata alikuwa na mwanawe atakayekuja kukata hapohapo, na alijua mkoko unachukua miaka mingapi kufika unene wa nguzo.

"Sasa wananunua faiba," fundi alisema, na kwa kidevu akanionyesha boti nyeupe iliyolala kifudifudi mchangani, ubavu umepasuka. Jahazi likichakaa huwa kuni, au huoza na kuwa tope. Ile faiba ilikuwa hapo tangu mwaka juzi na watoto walikuwa wameichora magoli ubavuni.

Kwenda Pate hupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na zamani ilikuwa lazima usubiri maji yajae. Sasa umechimbwa, na boti hupita bila kusubiri sana. Mikoko imesimama pande zote mbili, mizizi nje, kaa wekundu wakitoweka mbele yetu. Kisha pande zote zikafunguka mara moja, na kushoto kwetu ikawa bandari.

Nilikwishajua habari zake: tarehe 2 Machi 2012 Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikuja kuuzindua mradi wa LAPSSET, wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta hadi Sudan Kusini na Ethiopia, gati ya kwanza ilifunguliwa na Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, kampuni ya China ilijenga gati tatu kati ya 32 zilizopangwa. Bado macho hayakuwa tayari. Ukuta wa zege ulionyooka zaidi ya kilomita moja, mahali ambapo vingine vyote vimepinda. Kreni zimesimama. Siku hiyo palikuwa na meli moja. Kwetu Kilindini meli hupanga foleni nje na kusubiri. Hapa gati zilikuwa zikisubiri meli. Nahodha alipunguza mwendo na kujitenga upande wa Manda kwa kuwa ukisogea karibu, askari wa majini hukufukuza. "Pale," alinyoosha mkono kuelekea kwenye zege, "tukitega malema. Pale penye kreni ya mwisho."

Walipochimba ili meli kubwa zipite, tope lilitimka na kufunika nyasi za bahari na matumbawe, na wavuvi wenye vyombo vidogo wakakosa pa kwenda. Kesi yao iliamuliwa na Mahakama Kuu Malindi tarehe 30 Aprili 2018. Majaji walisema haki za wavuvi na utamaduni wao zimevunjwa, na wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Wakili yeyote wa mazingira Afrika Mashariki anaijua hukumu hiyo. Baada yake ikaja rufaa, yakaja mazungumzo, ikaja miaka ya kusubiri, na makubaliano kwamba sehemu italipwa taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi na miradi.

Siyu nilipita haraka, ngome yake na mafundi wake wa ngozi wakistahili makala yao wenyewe. Kizingitini ndiko nilikotaka kufika. Ni mji wa wavuvi uliobanana upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, na hauna maji ya kisima yanayonyweka. Tangu kale watu wamekuwa wakiteka mvua kwa majabia, matangi makubwa ya chokaa yenye sakafu pana iliyoinamishwa ili kila tone liishie shimoni. Jabia moja nililoonyeshwa lilikuwa limezungushiwa uzio na kufagiwa kama ua wa msikiti. Hakuna hata kifuniko cha chupa. Hatua ishirini kutoka hapo, ufuoni, mtu hawezi kuweka mguu bila kukanyaga plastiki. Niliuliza kwa nini huku safi na kule hivyo. Mzee aliyenipeleka alinitazama kwa mshangao. "Haya tutayanywa," alisema.

Jioni alinikaribisha kwake. Tulikula muhogo wa nazi na pweza. Kinamama wa kisiwa hiki wamekuwa wakikubaliana kufunga sehemu za miamba kwa miezi ili pweza wakue, na aliyekuwa sahanini mwetu alikuwa ushahidi mnene wa makubaliano hayo. Yeye mwenyewe amezamia kamba mawe tangu ujana. Alikumbuka pia miaka iliyofuata mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, walipokatazwa kuvua usiku kwa ajili ya usalama, na mvuvi wa usiku akageuka mtu wa kulala njaa.

Nilimuuliza kuhusu fidia. Aligawa bilioni kwa watu kwa vidole, kama laki tatu na elfu themanini kila mmoja, na hapo ungali hujaondoa ile sehemu ya vifaa. "Wanasema twende bahari kuu, huku karibu tuwaachie meli. Sawa. Boti ya bahari kuu yanywa petroli kuliko mimi ninavyokunywa mai. Na petroli yenyewe hufika hapa ishapanda bei mara mbili. Tanga halikuwa na bei."

Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa kimya akichambua mwiba wa samaki. Alipojua natoka Mombasa aliacha alichokuwa akifanya. Alitaka kujua kuhusu chuo cha bandari: kozi ya kuendesha kreni ni muda gani, ada ni kiasi gani, na kama mtu wa Lamu anaweza kupata nafasi bila kumjua mtu. Nilimweleza nilichojua.

Baba yake alisubiri tumalize. Kisha akaniuliza yeye lake: hapo kwetu, karibu na bandari, kuna watu bado wavua?

Nilisema wapo. Mtongwe, Likoni, na hata Mikindani kwenye ghuba, vijana wenye mitumbwi.

"Wapata nini?"

"Kidogo, mzee."

Alimgeukia mwanawe kana kwamba shauri limekwishaamuliwa.

"Baba," kijana alisema, "nasi twapata kidogo." Akaniuliza fomu za chuo hutolewa mwezi gani.